Tiba ya muziki: Taaluma inayobebwa na wanaojitolea

MTAA wa Kaloleni, ulio karibu na Barabara ya Jogoo katika eneo la Eastlands jijini Nairobi, ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Una ukumbi wa jamii ambao wakazi waliubandika jina la Bunge, kwa kuwa wanasiasa kama vile Tom Mboya na Jaramogi Oginga Odinga waliwahutubia wananchi humo kabla ya uhuru. Siku zisizo za siasa, kumbi za mitaa ya Eastlands zilikuwa za dansi, za mazoezi ya kwaya na za mikutano ya vyama vya kusaidiana. Katibu wa chama cha aina hiyo hakulipwa mshahara, na mhazini alihesabu michango usiku, baada ya kutoka kazini.

Mpangilio kama huo, wa watu wenye kazi zao za mchana kukusanyika jioni kuendesha chama kisichowapa malipo, ndio uliojenga taaluma moja ya afya ambayo Wakenya wengi wangali hawajaizoea, yaani tiba ya muziki. Katika nchi ambako imekomaa, taaluma hii haikushushwa kutoka wizarani. Iliasisiwa na wanamuziki wachache walioshirikiana na madaktari na walimu, wakaunda chama, wakakiendesha kwa kujitolea miaka mingi kabla serikali haijaitambua kazi yao. Makala haya yanaeleza tiba hiyo ni nini, mashirika ya hisani yanayoitegemeza yalianzaje, wanaoyaendesha hufanya kazi gani na kwa gharama ipi, na kwa nini jambo hilo linamhusu mkazi wa Kaloleni.

TIBA YA MUZIKI NI NINI

Tiba ya muziki ni huduma ambayo mtaalamu aliyefunzwa hutumia sauti, mdundo, ala na uimbaji ili kumsaidia mgonjwa kufikia lengo lililowekwa wazi tangu mwanzo. Lengo hilo si kumfanya mgonjwa awe mwanamuziki. Mtoto mwenye usonji ambaye hasemi anaweza kupiga ngoma mara mbili na kunyamaza. Mtaalamu humjibu kwa mapigo mawili, kisha husubiri. Mtoto akipiga tena, mazungumzo yameanza, ingawa hakuna neno lililotamkwa. Mtu aliyepooza kwa kiharusi na kupoteza usemi anaweza kuimba maneno asiyoweza kuyasema, na kutokana na wimbo huo akafundishwa upya kuongea. Mwenye maradhi ya Parkinson husaidiwa kupiga hatua kwa kufuata mdundo uliopangwa.

Huduma hii hutofautiana na burudani ya wadini, na kwaya inayotembelea wodi wakati wa Krismasi, na somo la gitaa. Kinachoitofautisha si uzuri wa muziki unaopigwa. Mtaalamu humpima mgonjwa kabla ya kuanza, huweka kumbukumbu ya kila kikao, hushauriana na daktari au mwalimu, na hupeleka kazi yake mbele ya mwenzake mwenye uzoefu zaidi ili ikaguliwe.

Ushahidi wa manufaa yake umekusanywa kwa makini. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalichunguza tafiti 9 zilizohusisha watu 421 wenye sonona. Yaligundua kuwa wagonjwa waliopewa tiba ya muziki pamoja na matibabu ya kawaida walipata nafuu zaidi, kwa muda mfupi, kuliko waliopewa matibabu ya kawaida pekee. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani kupitia ofisi yake ya Ulaya lilichapisha ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, muziki ukiwa miongoni mwa sanaa hizo.

Hata hivyo, kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu ya kudhuru pia. Wimbo unaweza kumrejesha mfiwa kwenye siku ya mazishi. Sauti ya makelele na vishindo inaweza kumrudisha aliyeshuhudia ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 kwenye usiku ambao amejitahidi kuusahau. Asiyefunzwa hufungua kidonda hicho na kuondoka akidhani ameburudisha watu. Hapo ndipo swali la nani anayestahili kuitwa mtaalamu linapokuwa swali la usalama wa mgonjwa.

KAYAMBA NA WAGANGA

Wazo kwamba muziki hutibu si geni Afrika Mashariki. Pwani ipo Kaloleni nyingine, katika Kaunti ya Kilifi, isiyopaswa kuchanganywa na mtaa wa Nairobi. Huko ni nchi ya Wamijikenda, ambao kayamba yao, ala bapa ya mafunjo iliyotiwa mbegu ndani, imetumika kwa vizazi vingi katika shughuli za kupunga pepo. Wapigaji huijaribu midundo mbalimbali hadi ule unaomgusa mgonjwa ujulikane, na jamaa zake huwapo kushuhudia. Mtaalamu wa Kimarekani, John Janzen, aliitolea kitabu mila pana ya aina hii mwaka wa 1992 kwa jina la Ngoma. Naye msomi mzaliwa wa Kenya, David Akombo, alichapisha mwaka wa 2006 kitabu kuhusu muziki na uponyaji katika tamaduni mbalimbali.

Mila hiyo ina funzo linalosahaulika kwa urahisi. Mganga wa ngoma hakujitangaza mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa mganga fulani, alitahiniwa mbele ya wenzake, na kijiji kilijua ni nani aliyemfundisha. Akikosea, palikuwa na mtu wa kuulizwa. Mji mkubwa kama Nairobi, ambako jirani hamjui jirani, huvunja mnyororo huo wa dhamana. Kazi ya chama cha kitaalamu ni kuusuka upya kwa njia ya maandishi: orodha ya waliofuzu, kanuni za maadili, na mahali pa kupeleka malalamiko.

KUTOKA WODI ZA VITA

Wakati nyumba za Kaloleni zikijengwa, hospitali za Marekani zilikuwa zimejaa majeruhi wa Vita vya Pili vya Dunia. Wanamuziki walijitolea kwenda kuwapigia wagonjwa hao muziki wodini. Baadhi ya madaktari walibaini mabadiliko kwa wagonjwa, lakini wakabaini pia kwamba nia njema haitoshi, kwani mwanamuziki hakujua la kufanya mgonjwa alipoanza kulia. Mwaka wa 1944, chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Michigan State kilianzisha mtaala wa kuwafunza wataalamu wa tiba hiyo. Chama cha kitaifa kiliundwa mwaka wa 1950. Kingine kiliundwa mwaka wa 1971, na vyote viwili vikaungana mwaka wa 1998 kuwa American Music Therapy Association.

Ni muhimu kuona kwamba kujitolea kulibadilika sura. Kizazi cha kwanza kilijitolea kupiga muziki. Kizazi kilichofuata kilitaka kulipwa kwa kupiga muziki huo, kama muuguzi anavyolipwa, na kikaanza kujitolea kwa jambo jingine: kuendesha chombo ambacho kingewezesha malipo hayo kuwapo.

NJIA YA UINGEREZA

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uingereza. Juliette Alvin, mpiga selo mzaliwa wa Ufaransa, alianzisha mwaka wa 1958 jumuiya ya tiba ya muziki ambayo baadaye, mwaka wa 1967, ilichukua jina la British Society for Music Therapy. Mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote aliyependezwa na jambo hilo, awe daktari, mwalimu, mzazi au mwanamuziki. Mwaka wa 1968 Alvin alianzisha kozi ya uzamili katika chuo cha muziki cha Guildhall jijini London. Tangu 1959, Mmarekani Paul Nordoff na Mwingereza Clive Robbins walikuwa wameanza kazi yao ya pamoja na watoto wenye ulemavu katika makao ya Sunfield, eneo la Worcestershire. Kazi hiyo ilizaa mkondo wa pili wa mafunzo.

Waliohitimu walipoongezeka, walihitaji chombo chao wenyewe cha kushughulikia ajira, mishahara na viwango vya kazi. Mwaka wa 1976 walianzisha Association of Professional Music Therapists. Mwaka wa 1982 huduma ya afya ya taifa ilipata mpangilio wa vyeo na mishahara kwa wataalamu hao. Mwaka huohuo Alvin alifariki. Mwaka wa 1997 sheria iliruhusu taaluma hii iandikishwe na dola, na baadaye jina la mtaalamu wa tiba ya muziki likawekewa ulinzi: asiyeandikishwa na baraza la wataalamu wa afya anayejiita hivyo huvunja sheria. Tangu kuasisiwa kwa jumuiya ya Alvin hadi sheria hiyo ya 1997, ilipita miaka 39.

Mwaka wa 2011, jumuiya ya 1958 na chama cha 1976 viliungana kuwa British Association for Music Therapy, ambalo ni shirika la hisani. Shirika jingine la hisani, Music Therapy Charity, lilianzishwa kuchangia utafiti wa tiba hii. Kimataifa, World Federation of Music Therapy liliundwa mwaka wa 1985 mjini Genoa, Italia, ili kuviunganisha vyama vya nchi mbalimbali.

Umbo hili la hisani lina uzito wake kisheria. Katika sheria ya Uingereza, shirika la hisani sharti liwe na manufaa kwa umma, na wadhamini wake kwa kawaida hawalipwi kwa udhamini wao. Kwa hivyo wataalamu wanaoketi kwenye bodi hawawezi kujitetea kwamba wanalinda masilahi ya wanachama tu. Wanapodai nafasi za ajira hospitalini, hawana budi kuonyesha kwamba mgonjwa ndiye atakayefaidika. Chama cha wafanyakazi huweza kumtetea mwanachama aliyekosa, ilhali shirika la hisani la kitaalamu hulazimika kujiuliza kwanza iwapo kumtetea kunamsaidia mgonjwa.

WANAOJITOLEA HUFANYA NINI

Kazi za bodi hizi hazina fahari. Mhazini huandaa hesabu za mwaka na kuzipeleka kwa mkaguzi. Katibu hujibu barua za wazazi wanaotafuta mtaalamu aliye karibu. Kamati ya elimu huchunguza kozi za vyuo. Wengine huhariri jarida, huandaa kongamano, au huandika maoni serikali inapotunga sheria mpya. Hospitali inapotaka kufuta nafasi ya mtaalamu wake wa pekee ili kubana matumizi, ni bodi hiyo inayokusanya ushahidi na kuandika barua ya kuitetea. Mtaalamu mmoja peke yake, tena aliye katika hatari ya kufutwa, hawezi kuifanya kazi hiyo akasikilizwa.

Yote haya hufanywa na watu ambao asubuhi walikuwa na mtoto asiyesema, na mchana walikuwa na mzee anayesahau jina la mkewe. Wengi wao hufanya kazi kwa vipande vya saa katika shule mbili au tatu, na saa inayotolewa kwa chama ni saa isiyolipwa.

Hapo ndipo penye udhaifu wa mfumo wenyewe. Kwanza, anayeweza kujitolea ni yule ambaye kodi ya nyumba imeshalipwa. Taaluma inayotegemea wenye nafasi hujikuta ikiongozwa na wenye nafasi, na sauti ya kijana aliyehitimu juzi kutoka familia isiyo na uwezo hukosekana mezani. Pili, taaluma changa ina watu wachache, hivyo mdhamini anayesikiliza lalamishi huenda alisoma darasa moja na anayelalamikiwa. Tatu, watu walewale huzungushwa vyeo hadi wachoke, na wanapoondoka huondoka na kumbukumbu za chama vichwani mwao. Mashirika yaliyodumu yamejikinga kwa kuweka vipindi vya uongozi vyenye kikomo, kwa kuwaalika kwenye bodi watu wasio wa taaluma hiyo, kama vile wahasibu na wanasheria, na kwa kuajiri karani au meneja mara tu ada za uanachama zinaporuhusu.

AFRIKA YA LEO

Barani Afrika, nchi iliyopiga hatua ndefu zaidi ni Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Pretoria kilianza kutoa mafunzo ya uzamili ya tiba ya muziki mwaka wa 1999, na wanaohitimu huandikishwa na baraza la taifa la wataalamu wa afya. Mapema miaka ya 2000, wataalamu wawili, Sunelle Fouché na Kerryn Torrance, walianzisha jijini Cape Town shirika lisilo la faida lililoitwa Music Therapy Community Clinic, ambalo baadaye lilibadili jina kuwa MusicWorks. Walifanya kazi Heideveld, mtaa ulioandamwa na magenge, na mwaka wa 2005 walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu kazi yao na vijana waliovutwa na magenge hayo. Mkazi wa Eastlands hahitaji kuelezwa maana ya mtaa wa aina hiyo.

Nairobi haijakosa muziki wala hisani. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire kina historia inayoanzia mwaka wa 1944, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki. Tangu 2008, mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukiwafunza watoto wa Korogocho kupiga ala za okestra. Mradi huo unastahili sifa, lakini shughuli yake ni elimu ya muziki na malezi, na haupaswi kulaumiwa kwa kutokuwa tiba wala kuitwa tiba. Kwa upande wa afya ya akili, Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa kama hifadhi ya wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, imeendelea kuwa tegemeo la taifa. Daraja kati ya pande hizi mbili, yaani muziki na hospitali, ndilo ambalo kwingineko limejengwa na vyama vya kujitolea.

SHERIA INARUHUSU NINI

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliwawekea wataalamu hao utaratibu wa kusajiliwa, na imeundwa kwa ajili ya kazi zao. Anayetumia muziki akiwa mshauri nasaha aliyesajiliwa hubanwa na maadili ya ushauri nasaha. Anayejitangaza tu kuwa tabibu wa muziki bila usajili wowote ni suala jingine kabisa.

Kuhusu kuunda chombo, njia ipo. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka wa 2013 lakini ilianza kutekelezwa Mei 14, 2024, ikachukua nafasi ya sheria ya 1990 ya mashirika yasiyo ya serikali. Inawaruhusu watu kuungana kwa hiari, bila nia ya kugawana faida, kwa ajili ya manufaa ya umma. Ipo pia Sheria ya Vyama, ambayo imetumiwa kwa miaka mingi na makundi ya kila aina. Wataalamu watakaochagua njia ya kwanza watalazimika, kama wenzao wa Uingereza, kuthibitisha kwamba mgonjwa ndiye mlengwa. Watakaochagua ya pili watakuwa na uhuru zaidi wa kujihudumia wenyewe.

Kaloleni kwenyewe kuna ushahidi wa kile ambacho shirika la aina hii linaweza kufanya. Maktaba ya mtaa huo ni tawi la Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati mwa jiji mwaka wa 1931. Ilikuwa imechakaa, hadi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka wa 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange, lilipoingia ubia na serikali ya kaunti na kuikarabati. Wapenda vitabu wawili wasio na chombo kilichosajiliwa wasingeweza kutia saini mkataba na kaunti wala kupokea fedha za wafadhili. Vivyo hivyo, mtaalamu mmoja wa tiba ya muziki anaweza kuomba chumba katika zahanati na kukipata kwa hisani ya mganga mkuu, na kukipoteza mganga huyo anapohamishwa. Chama kilichosajiliwa kinaweza kuwa na makubaliano yanayodumu baada ya watu kuondoka.

MASWALI YA MZAZI

Mzazi wa Kaloleni anayeambiwa kwamba mwanawe mwenye usonji anaweza kusaidiwa kwa muziki hana sababu ya kukataa, wala hana sababu ya kukubali papo hapo. Anaweza kuuliza maswali matano. Mtaalamu huyu alifunzwa wapi, na kwa muda gani? Ameandikishwa na chombo gani, Kenya au kwingineko? Ni nani anayeikagua kazi yake? Lengo la vikao ni lipi, na litapimwaje baada ya miezi mitatu? Na mambo yakienda mrama, malalamiko yapelekwe wapi?

Anayeahidi kuponya usonji kwa ngoma aepukwe, kwa sababu tiba ya muziki haidai hivyo. Husaidia mawasiliano, hutuliza wasiwasi, na humfungulia mtoto njia ya kuwa pamoja na wengine. Mtaalamu wa kweli atalisema hilo bila kuulizwa.

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote. Haliwezi kujibiwa na mtaalamu mmoja hata awe mwaminifu namna gani, kwa kuwa mtu hawezi kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Linahitaji anwani, katibu anayefungua barua, na kamati inayokutana. Wakazi wa kwanza wa Kaloleni walikuwa na vyama vya aina hiyo kwa ajili ya mazishi, karo na nauli za kwenda nyumbani, na waliviendesha bila malipo. Kwa tiba ya muziki, kazi hiyo huwangoja wale wanaoifahamu, jioni, baada ya mgonjwa wa mwisho kwenda zake.